"Dawa ya Simba": Neno Moja katika Kitabu cha Roosevelt

Theodore Roosevelt aliteremka Mombasa mwezi wa Aprili 1909 akiwa na bunduki kadhaa, mojawapo Winchester ya muundo wa 1895, kazi ya fundi John Browning. Ni bunduki ya wenzo: mpigaji hushusha chuma kilicho chini ya kitako, ganda likaruka, hukipandisha, risasi nyingine ikaingia. Katika African Game Trails (1910) Roosevelt anaisifu kuwa ndiyo dawa yake ya simba.

Hapo mfasiri hukwama. Matumizi hayo ya neno ni ya mipakani mwa Marekani, ambako Wazungu walilitumia kutaja nguvu ya siri waliyoisikia kwa wenyeji. Kwa bahati, "dawa" ya Kiswahili hubeba nguvu na tiba pamoja. Hata hivyo "bunduki ya dawa" ni kosa. Msomaji ataelewa silaha iliyotiwa uganga, ilhali kinachosifiwa ni chuma cha kiwandani. Tena huko Walungu, kama kwingine Kivu, dawa na bunduki vikitajwa pamoja, fikra huenda kwa Mai-Mai na maji yao ya kuzuia risasi. Na ndivyo ilivyokuwa katika Vita vya Maji Maji (1905–1907), vilivyokwisha miaka miwili tu kabla ya safari hiyo. Hapo dawa hushindana na bunduki.

"Dawa ya simba", kwa muundo wa "dawa ya kikohozi", inafaa zaidi. Roosevelt anaongeza kuwa ni hivyo kwake binafsi, na sharti hilo lisiachwe: dawa humkubali mmoja, ikamkataa mwingine.