Mkwaruzo Si Kasoro

Tunapohakiki muziki, wengi wetu husifu sauti "safi" na kuuhesabu mkwaruzo kuwa kasoro. Makala haya yanapinga mtazamo huo.

Hapa Busoga tuna entongooli, ala ya nyuzi inayofanana na nyatiti ya Wajaluo. Haina daraja la kuinua nyuzi. Nyuzi hupita karibu sana na ngozi ya kenge, huigusa zinapotetema, na sauti ikavuma kwa mkwaruzo. Mkwaruzo huo umekusudiwa.

Pedali ya fazi hufanya hivyo kwa umeme: hukuza mawimbi ya gitaa mpaka vilele vyake vikatike. Fuzz Face, iliyotoka Uingereza mwaka 1966, ina transista mbili tu. Zikiwa za jemaniamu, joto huzivuruga. Pedali iliyonguruma vizuri asubuhi huweza kukohoa mchana wa jua kali la Mpumudde. Fundi hubadilisha rezista moja mpaka kolekta ya transista ya pili ifike takriban volti 4.5, yaani nusu ya betri ya volti 9. Ikikosewa sana, noti hukatika kabla ya wakati wake.

Hata hivyo, mita haimalizi kazi. Wapo wanaopenda kukohoa huko, na fundi huwaachia. Mwisho huamua sikio, kama kwa mtengenezaji wa entongooli anayesogeza nyuzi na kusikiliza tena.

Kwa hiyo, mhakiki asiulize kama mkwaruzo upo. Aulize umerekebishwa kwa kusudi gani, na kama umelifikia.