Mbavu Hazitaki Haraka

Ukipita vibanda vya kitimoto kando ya barabara ya Dodoma kwenda Morogoro, utasikia shoka kabla hujanusa nyama. Mbavu zinakatwakatwa, zinatumbukizwa kwenye mafuta yanayotokota, na soda haijafika nusu, sahani iko mezani na ndizi na kachumbari. Mlaji anavuta kwa meno, nusu inabaki mfupani, kisha anamlaumu nguruwe. Nguruwe hana kosa.

Buigiri, kando ya barabara hiyo hiyo, watu wengi wanaijua kwa shule yake ya wasioona, iliyoanza mwaka 1950. Mimi naikumbuka kwa mbavu za mama mkubwa. Oveni hakuwa nayo. Alikuwa na sufuria kubwa nzito, mchanga na makaa ya mgunga. Jumamosi jioni aliulaza ubavu mzima, upande wa ndani juu, akapenyeza ncha ya kisu chini ya ule utando mweupe, akaushika kwa kitambaa na kuuvuta taratibu hadi ukatoka wote, kama anayemvua mtoto soksi akiwa usingizini. Siku hizi nani anahangaika na utando? Na ukibaki, viungo haviingii upande ule. Kisha chumvi, kitunguu saumu, tangawizi, na ukwaju uliokamuliwa mzito; ukwaju Dodoma si wa kutafuta.

Jumapili alimwaga mchanga ndani ya sufuria, akapanga vijiwe, akaweka sinia la mbavu lenye maji kidogo sana. Alifunika, akaziba ukingo wa mfuniko kwa unga uliokandwa, akapalia makaa mengi juu, machache chini. Ukisogeza mkono kwenye mfuniko, anakuzuia: "Usifunue, mwanangu. Sikiliza." Mwanzoni maji yalichemka. Baadaye sauti ilibadilika, yakabaki mafuta yakichuruzika pole pole, naye akapunguza makaa.

Kano na gegedu za mbavu huanza kulegea na kuwa rojo nyama ikipita nyuzi joto 70 hivi, ila kazi hiyo huchukua saa, si dakika. Moto mkali huikausha nyama kabla kano hazijakubali. Na ya nguruwe sharti iive hadi ndani, kwa sababu ya tegu. Unga ulipovunjwa, ncha za mifupa zilikuwa zimechomoza, nyama imerudi nyuma upana wa kidole. Hapo tu ndipo asali ilipakwa, makaa mapya yakaongezwa juu kwa muda mfupi, kwa sababu asali ikitangulia huungua na kuwa chungu.

Leo oveni za gesi zinauzwa Dodoma mjini, na zingeifanya kazi ile ile bila mchanga wala moshi: nyuzi 150, sinia lililofunikwa vizuri, saa mbili na nusu au tatu. Nimewaambia vijana wa vibandani. Wanajibu kwamba mteja hangoji. Mteja gani huyo? Wageni wa mama mkubwa walitoka ibada ya asubuhi wakakaa chini ya mti wakizungumza hadi saa nane mchana, na sikumbuki hata mmoja aliyeaga kabla ya kula.