Wanzuki ya Mzinga Mmoja

Kikombe kilikuwa cha bati, kimebanduka rangi mdomoni, na mama aliyenikabidhi hakuketi. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akinitazama koo.

"Usigugumie, mwanangu. Hiyo si ya kilabuni."

Wanzuki, pombe ya asali, nimekunywa Mpanda miaka mingi, na nyingi yake nisingempa hata ninayemdai. Hii ilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa iliyolala, haina povu. Kwanza ulimi ulipata ukali wa mbali, kama ukwaju. Kisha moshi: moshi wa gome linalowashwa juu ya mti usiku, mrina asali akiwapoza nyuki. Utamu ulichelewa, tena ukaja mdogo, kama mgeni aliyepita kuaga tu. Nilipomeza nikabaki na nta kwenye fizi. Nikanyamaza. Mama akacheka, akaingia ndani. Jibu lake alikuwa amelipata.

Asali yake ilitoka mzinga mmoja. Kaka yake, Mkonongo wa porini huko upande wa Inyonga, hachanganyi asali ya mzinga huu na ule. Niliwahi kumkuta akichonga. Gogo la mninga alikwishalipasua kati, na kazi iliyokuwa imebaki ilikuwa ya ndani. Alichukua kama nusu saa kwa shubiri moja ya mti, kisha akapitisha kiganja taratibu kama anayempapasa ng'ombe mwenye mimba, akarudi palepale na tezo. Mimi sikuona kasoro yoyote. "Nyuki ataiona," alisema. Akapaka nta, akalifunga gogo, akaliacha kivulini mpaka harufu ya chuma itoke. Mzinga ule sasa umening'inia juu ya mtundu, na anaurina Juni, mvua zikishasahaulika. Akimaliza huacha kipande cha sega juu ya jiwe, haki ya mlembe, anayeongoza watu kwenye asali. Ndege huyo, wazee wanasema, asipolipwa mwaka huu, mwakani atakupeleka kwenye nyoka.

Debe la asali hiyo hupanda basi hadi Makanyagio, hapa Mpanda, kwa mama. Mama hachuji mpaka asali ing'ae. Huacha chavua na majana kidogo viingie kwenye maji ya uvuguvugu, akatia machicha ya pombe iliyotangulia. Machicha hayo aliachiwa na mama yake, na hajawahi kuyaacha yakauke. Mtungi hukaa karibu na jiko, umevikwa blanketi kuukuu. Kila asubuhi huinama, akaweka sikio. Ikinong'ona, bado. Ikinyamaza, imeiva.

Ndugu yangu aliyeko Dar aliwahi kunionjesha wiski ya Kihindi ya pipa moja, kiasi cha kifuniko tu, maana chupa yenyewe alikuwa ameitunza kuliko hati ya nyumba. Lebo ilitaja namba ya pipa na namba ya chupa. Alinieleza kwamba wiski nyingi ya India hutengenezwa kwa molasi, lakini Amrut wa Bangalore walishikilia shayiri, wakaipeleka wiski yao Glasgow mwaka 2004, kwa Waskoti wenyewe. Kwa joto la Bangalore, karibu sehemu moja kwa kumi ya pipa huyeyuka hewani kila mwaka. Hupungua hivyo, na kinachobaki kinapanda thamani. Nilimkumbuka mama wa Makanyagio. Yeye hana lebo. Ukimuuliza mzinga gani, atakutajia mti, bonde na mwaka ule moto ulipopita. Ila nani siku hizi anauliza?

Reli ya kutoka Kaliua ililetwa Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi. Risasi ilikwisha, mji ukabaki. Asali ilikuwapo kabla ya yote hayo, na haikujengewa kitu. Mizengo Pinda, mwana wa huku, alipokuwa Waziri Mkuu aliwasemea nyuki nchi nzima, na mizinga ya masanduku ikaongezeka; sina ugomvi nayo, inarinika bila kuua kundi. Kinachonikera ni pipa la plastiki la mchuuzi. Humo humiminwa asali ya mninga, ya mtundu, ya mabonde matano, iliyoiva na mbichi, yote kilo bei moja. Mrina aliyesubiri wiki tatu na aliyewahi sega likiwa bado maji wanalipwa sawasawa. Wa kwanza atasubiri mpaka lini?

Na miti yenyewe inapungua, huku tumbaku ikitaka kuni za mabani na miji ikitaka mkaa. Kaka yake mama sasa anatembea siku nzima kufika kwenye mitundu aliyokuwa akiiona kutoka uani. Mjukuu wake ana bodaboda. Humpeleka babu hadi njia inapoishia, akamsubiri hapohapo akichezea simu.

Niliomba kikombe cha pili. Mama alitikisa mtungi, akasikiliza, akanimiminia kilichobaki mpaka machicha yakaonekana. Debe jingine mpaka Juni ijayo, alisema, kama kaka atakuwa bado anapanda. Nje, wateja wa jioni walikwishaanza kukaa kwenye benchi, wakigonga majagi matupu. Akafungua kanga, akatoa noti, akamwita binti yake.

"Sukari kilo mbili, na hamira. Uwahi."