Kutafuta Unguja Maniema

Msanifu majengo wa Afrika Mashariki atafutaye mfano wa kale wa kumwongoza aghalabu huelekezwa Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar. Huko zipo kuta za matumbawe, zidaka na milango ya nakshi. Na tangu Usam Ghaidan alipochapisha utafiti wake juu ya mji wa Lamu mwaka 1975, vipo pia vipimo vya kutegemea. Tatizo huanza pale jicho lililozoezwa pwani linapopelekwa bara, hadi Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema. Jicho hilo hutafuta Unguja. Lisipouona mlango wa nakshi, huamua kwamba hakuna cha kutazamwa.

Jina la mahali nalo huchangia kukata tamaa huko. Kasongo ya Tippu Tip, iliyotekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo tarehe 22 Aprili 1893, haiko pale ulipo mji wa leo. Mahali pake huitwa Tongoni, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa tongo ni nini. Iko Tongoni nyingine karibu na Tanga, yenye gofu la msikiti na makaburi ya mawe. Ile ya Maniema haikujengwa kwa matumbawe wala chokaa ya pwani. Ndiyo maana Noemie Arazi na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2020 kwenye jarida la Antiquity, waliweka akiolojia bega kwa bega na kumbukumbu za watu.

Shahidi anayependwa zaidi ni Sidney Hinde, daktari wa jeshi aliyeingia Kasongo katika vita hivyo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1897. Anataja vitanda vya nakshi, vyandarua vya hariri, na chumba alichojitwalia, chenye urefu wa futi 80 na upana wa futi 15, kilichofungukia bustani ya michungwa. Anasa hizo zimetosha kuwafanya wengi waione Kasongo kama Unguja iliyohamishiwa msituni. Lakini vipimo vya chumba chenyewe vinasema jambo jingine. Katika nyumba ya mawe ya pwani upana wa chumba hutawaliwa na urefu wa boriti ya mkoko, nao kwa kawaida haufiki mita 3. Futi 15 ni zaidi ya mita 4 na nusu. Yamkini kitanda kilitoka pwani, au kiliigwa huko. Chumba hakikutoka pwani. Kilitokana na miti na ujuzi wa mahali pale.

Ujuzi huo ulikuwapo kabla ya Tippu Tip kuifanya Kasongo makao yake. David Livingstone aliingia Maniema mwaka 1869, akakaa muda mrefu Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre. Katika shajara zake, zilizochapishwa mwaka 1874, anaeleza vijiji vyenye nyumba zilizopangwa kwa mstari, kuta za udongo uliopondwa vizuri, na barabara ambazo mara nyingi zilielekezwa mashariki na magharibi ili jua likaushe unyevu upesi. Kila upande wa mwisho wa barabara palikuwa na nyumba ya kukutania watu. Paa liliezekwa kwa jani lifananalo na la mgomba lakini gumu zaidi, ambalo kikonyo chake kilitiwa chale ili kishike ufito. Huu ni usanifu kamili, wenye hoja ya tabianchi ndani yake (na hoja hiyo haionekani katika picha ya mlango).

Inaweza kudaiwa kwamba mwaka 1869 wafanyabiashara wa pwani walikwisha kufika, na kwamba mstari ulionyooka ni somo lao. Dai hilo ni dhaifu. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza inafunguliwa kwa biashara ya pembe, na jani lenye chale si kitu cha kujifunza kwa mgeni aliyezoea makuti ya mnazi.

Upo pia ukimya ambao mhakiki hana budi kuutaja. Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, husimulia pembe, vita na safari kwa urefu, na nyumba kwa ufupi. Mji uliotegemea mateka na watumwa ulijengwa na mikono ambayo mwenye mji hakuona haja ya kuieleza. Msanifu akirudi na michoro aliyoipa jina la “mtindo wa Kiarabu”, anaurudia ukimya uleule, safari hii kwa penseli. Afadhali aanzie Kabambare, kwa mwezekaji na mpiga udongo, aulize kikonyo hukatwa wapi, na barabara huelekezwa wapi mvua zinapokaribia.