Chaki Kila Mita Kumi

Treni ya SGR ikitoka Mariakani kuelekea Voi hupita kituo cha Miasenyi, na abiria wengi hata hawainui macho kwenye simu. Nyika ni tambarare, mlima Kasigau umelala kwa mbali. Reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja iliyoanza kutandazwa kutoka Mombasa mwaka 1896, nayo inapita pande hizi. Mimi nikifika hapo huwaza kamba na chaki.

Mzee mmoja mstaafu wa gangi ya kutengeneza reli ndiye aliyenionyesha kazi yake. Hatukwenda relini; alitandaza mpira wa kumwagilia maji uani kwake, akaupinda kama kona ya reli, akanipa kipande cha chaki. Nikatazama, nikaona palipobonyea, nikapiga alama tatu hapo hapo. Akazifuta kwa kisigino.

"Mwanangu, sijakuuliza kona imeharibika wapi. Nimekwambia upige chaki."

Ndipo nikaielewa kazi yenyewe. Unalaza utepe wa kupimia juu ya reli ya nje, unapiga chaki kila mita 10, penye kasoro na pasipo na kasoro. Watu wawili wanashika kamba kwenye alama mbili zilizoachana kwa mita 20, ukingo wa ndani, kama ugwe wa uta. Wa tatu anachuchumaa kwenye alama ya katikati na rula, anasoma nafasi kati ya kamba na chuma. Kona ya nusukipenyo cha mita 500, ikiwa safi, husoma milimita 100 kila alama. Kisha wanasogea alama moja, wanapima tena. Jua la nyika ya Taru halina huruma na mtu aliyechuchumaa.

Utamu uko kwenye tarakimu. Ukisoma 100, 110, 80, 110, 100, usiende kuhangaika na hizo 110. Reli imeingia ndani milimita 20 pale penye 80, basi. Isukume nje kwa mitaimbo: 80 inapanda hadi 100, na jirani zake wawili wanashuka kumi kumi bila kuguswa. Jumla ni 500 kabla na baada. Mimi niliyekuwa nikikimbia hesabu shuleni nilirudia kujumlisha mara tatu, kwa furaha tu.

Lakini yote hayo yamesimama juu ya ile chaki. Teleza, nafasi moja iwe mita 11, na alama mbili kwenye kona isiyo na kosa zitasoma 110. Utaamrisha watu wasukume reli iliyotulia, isiyo na kasoro. Jicho, kwa upande wake, lina upendeleo: hukimbilia palipojikunja na kusamehe palipolegea polepole. Siku hizi kuna mashine zinazopima reli zikitembea, nazo ni nzuri. Ila hazimfundishi mtu kuvumilia sehemu isiyo na habari.

Siku ile uani nilipiga chaki upya, hatua moja moja, mpaka mwisho wa mpira. Mzee hakusema kitu. Mama mwenye nyumba akafungua bomba, mboga zilikuwa na kiu. Mpira ukajinyonga, kona yetu ikapotea, na alama nyeupe zikaenda nao kuelekea kwenye sukuma wiki, zimeachana vile vile.