Mwili Umechoka, Vidole Bado

Waliotaka kutuondolea vitufe hawakumfikiria mtu aliyeshinda akibeba mizigo. Hiyo ndiyo hoja yangu, na nitaitetea kutoka Gikomba, kwa sababu huu ubishi wa gemu za kuchezwa kwa mwili dhidi ya gemu za kuchezwa kwa padi umezoea kuamuliwa kwenye sebule za watu wengine.

Hadithi yenyewe inaenda hivi. Novemba 2006 Nintendo walileta Wii, mashine ya kuchezwa kwa rimoti unayoipunga hewani. Ukitaka kupiga tenisi, unapunga mkono kama aliyeshika raketi, basi. Shosho asiyejua kitufe kipi ni kipi aliweza kumchapa mjukuu wake. Wii zikauzwa zaidi ya milioni 101. Mwaka 2010 Sony wakafuata na Move, na Novemba mwaka huohuo Microsoft wakaleta Kinect, kamera ambayo hata haikutaka ushike kitu. Unasimama mbele yake, inasoma viungo vyako, na wewe mwenyewe unageuka kuwa padi. Ahadi ilikuwa kwamba vitufe ni kizuizi na mwili ni lugha ya kila mtu. Ondoa kizuizi, tutaingia sote.

Ni ahadi nzuri, na siidharau. Lakini hebu tuilete mtaani.

Tuanze na futi. Vyumba vingi vya kukodisha pande hizi ni futi 10 kwa 10, yaani kama mita 3 kila upande. Kinect ya kwanza ilitaka usimame kama mita 1.8 kutoka kwa kamera ukiwa peke yako, na kama mita 2.4 mkiwa wawili. Piga hesabu. Wachezaji wawili wakishasimama, nyuma yao zimebaki sentimita 60. Hapo weka benchi, weka mlango, weka na wale wasee wanne waliokuja kutazama tu. Chumba hichohicho kwa padi kinabeba runinga nne ukutani, wachezaji wanane kwenye benchi, watazamaji migongoni mwao, na mwenye banda pale kona na simu yake ya M-Pesa. Mwenye banda ana kodi na ana tokeni za stima, na anatoza bob 20 au 30 kwa mechi. Mashine inayokula chumba kizima kwa wateja wawili ni hasara hata kabla hujaiwasha.

Halafu kuna jua. Kinect iliona kwa miale ya infraredi, na jua kali likiingia inachanganyikiwa. Banda la mabati lenye mlango wazi saa tisa mchana lina jua la kuchanganya kamera yoyote.

Lakini hizo ni sababu za mfukoni. Inayonivutia zaidi iko mwilini.

Gikomba inaamka kabla ya alfajiri. Robota la mitumba lina kilo 45 hivi, na kuna mtu wa kulishusha kwenye lori, na mwingine wa kulipitisha mgongoni kwenye vichochoro ambavyo mkokoteni hauingii. Kuna wa kupanga mbao, kuna wa kubeba samaki, kuna anayeita bei mpaka sauti inakauka. Jioni huyo mtu akiingia kwa banda la gemu, eti umwambie asimame aruke?

Mwaka 2007 Nintendo walitoa Wii Fit, gemu ya mazoezi yenye ubao wa kukanyaga. Ukiitazama vizuri unaona mteja aliyekuwa akilini mwao: mtu aliyekaa kwenye kiti siku nzima, ambaye mwili wake unadai kutumika. Kwake yeye, kusimama ni starehe. Kwa aliyetoka kubeba robota, starehe ni kukaa. Padi inampa kitu ambacho hakuna mahali pengine sokoni atakipata: anakaa, na bado anakimbia. Mgongo umeegemea ukuta, na kwenye skrini kuna winga anayepita pembeni kwa kasi ambayo hakuna mguu wa Gikomba umebaki nayo saa hiyo. Vidole gumba ndivyo viungo pekee ambavyo soko halikuvimaliza.

Padi pia haijali una mwili wa aina gani. Gemu nyingi za Kinect zilitaka usimame zikuone mzima. Kwenye benchi, kijana anayetembea kwa magongo anamfunga fundi mwenye mabega kama mlango, na mtoto wa darasa la saba anawaondoa wote wawili. FIFA (najua tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, lakini mtaani ni FIFA tu) haijui nani mrefu.

Na bado mwili haunyamazi. Keti nyuma ya wachezaji uwatazame badala ya kutazama skrini. Gari likikata kona, wote wanalala upande huo. Mpira ukielekea golini, padi inanyanyuliwa juu kana kwamba itausukuma. Kinachochekesha ni kwamba padi ya PlayStation 3, iliyotoka 2006 sawa na Wii, ilikuwa na sensa ya mwendo ndani yake. Kwenye mechi ya kawaida ya FIFA ile sensa haikuwa na kazi yoyote, lakini mtu aliyeinua padi aliinua tu. Hakuwa anaongea na mashine. Alikuwa anaongea na benchi.

Hapa ndipo naona kosa kubwa la gemu za mwendo kama sanaa, achana na biashara. Mtu anayejipinda na padi anajipinda kwa hiari, na kujipinda kwake ni furaha, wasiwasi, maringo. Mashine ikianza kumsoma, kujipinda kunageuka kuwa amri. Sasa lazima ajipinde sawasawa, asipojipinda gari halikati kona. Kile kilichokuwa ishara kimekuwa kazi, na kazi tayari ameifanya tangu saa kumi na moja asubuhi.

Simaanishi mwendo wote ni bure. Gemu ya mpira iliyonishangaza zaidi ni Pro Evolution Soccer 2008 ya Wii. Konami hawakukutaka upige teke hewani. Ulielekeza rimoti kwenye skrini, ukamshika mchezaji kwa mshale, ukamvuta unakotaka akimbie, hata kama mpira hana. Ghafla ulikuwa kocha na mchezaji kwa wakati mmoja. Mwaka 2015 Splatoon, ya Nintendo haohao, ikatumia sensa iliyo ndani ya padi kulenga shabaha: unageuza viganja kidogo tu, ukiwa umekaa. Zote mbili zimefanikiwa kwa sababu haziigizi mwili. Zinaomba mkono ufanye kitu kidogo ambacho kitufe kinakifanya vibaya, yaani kuonyesha. Kuonyesha hakuchoshi.

Sasa nirudi kwenye ile ahadi, kwa sababu kuna jambo moja ambalo watu wa Wii walikuwa sahihi kabisa: padi ni lango, na si kila mtu ana ufunguo. Stiki mbili na vitufe zaidi ya kumi havifundishiki kwa dakika tano. Vinajifunzwa kwa kukaa kwenye benchi masaa na masaa, na hayo masaa mtaani wanapewa wavulana. Msichana wa umri uleule yuko kibandani anamsaidia mamake kukunja nguo, au ameshaambiwa kule kwa gemu ni kwa wahuni. Ingia banda lolote jioni uhesabu wasichana. Mara nyingi hutahitaji kidole.

Wala si suala la mikono. Nenda ukaone akina mama wakifungua robota. Mama anachagua kamera, yaani zile nguo za daraja la kwanza, kwa kugusa kitambaa tu, macho yake yakiwa kwa mteja. Mikono yenye akili hiyo itashindwa na kitufe cha pembetatu?

Kwa hivyo wengine watasema: si hiyo ndiyo sababu ya kuleta Kinect au Wii bandani, ili wasichana waingie? Mimi nasema hapana, na hapa ndipo hizi mashine zinaponikasirisha. Zinadhani kinachomzuia ni ugumu wa padi. Kinachomzuia ni benchi. Mwambie msichana wa miaka kumi na saba asimame katikati ya chumba cha futi 10 kwa 10, mbele ya wanaume kumi na wawili, aruke, apunge mikono, atikise kiuno kufuata skrini. Sebuleni kwao na binamu zake, hiyo ni raha. Pale bandani ni maonyesho ambayo hakuyaomba. Padi ingalau inamruhusu akae, avute leso mapajani, na atazamwe kwa mabao yake. Mashine iliyoundwa kumkaribisha kila mtu inahitaji kwanza chumba ambacho kila mtu yuko salama kutazamwa. Hicho chumba Kinect haikuja nacho kwenye kasha.

Kinect tunajua iliishaje. Mwaka 2013 Microsoft waliifunga pamoja na Xbox One kwa dola 499, mwaka uliofuata wakaitoa ili bei ishuke hadi 399, na 2017 wakaacha kuitengeneza. Wengi walisema ilikuwa mbwembwe tu. Mimi naona ilikuwa na picha moja ya mchezaji na haikuwahi kuibadilisha. Sasa ile miwani mikubwa ya uhalisia pepe inakuja na picha hiyohiyo. Beat Saber ni gemu tamu, nakiri, mikono miwili inakata muziki kama panga. Lakini Meta wanapendekeza mita 2 kwa 2 kwa mtu mmoja, na huyo mtu amefunikwa macho huku benchi zima likimtazama.

Kwa hivyo kabla hujaniambia kidhibiti fulani ni cha asili zaidi, niambie mchezaji wako ametoka wapi leo na mwilini mwake kumebaki nini. Na kama kweli tunataka wasichana bandani, tuache kungoja mashine ituletee. Mwenye banda atenge Jumamosi asubuhi iwe yao, benchi lote, padi zote, na wavulana wangoje nje kama wengine walivyongojeshwa miaka yote hii. Vitufe watajifunza. Hata sisi hatukuzaliwa tukivijua.