Mtumwa, Siti, Kijakazi: Jina na Nasaba katika Fasihi ya Unguja

Mnamo mwaka 1880, kijijini Fumba katika kisiwa cha Unguja, alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Mtumwa. Wazazi wake walikuwa watu wenye asili ya bara, baba Mnyamwezi na mama Mzigua. Mwanamke huyo alipofariki mwaka 1950 alijulikana pwani yote, na hata Bombay alikokwenda kurekodiwa katika sahani za santuri mwaka 1928, kwa jina la Siti binti Saad. Siti ni neno la asili ya Kiarabu, na maana yake ni bibi mwenye heshima. Mwendo wa kutoka jina la kwanza hadi la pili ndio uti wa mgongo wa Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu cha Shaaban Robert. Kitabu hicho husomeshwa kama kielelezo cha insha adilifu, na sifa hiyo kinaistahili. Hata hivyo kinazua swali ambalo hakilijibu, nalo ni hili: ni nani mwenye uwezo wa kumvua mtu jina la utumwa, na kwa sharti gani?

Yafaa ikumbukwe kuwa jina Mtumwa peke yake si ushahidi wa nasaba. Waungwana nao waliwahi kuwapa watoto wao majina ya namna hiyo, hasa watoto wa mwanzo walipokwisha kufa, ili jicho baya limpite huyu aliyesalia. Jina lilikuwa kinga, na kila jirani alijua kuwa halikusudiwi lilivyo. Lakini jina hilo hilo likitamkwa kwa mtoto wa watu wa shamba wenye asili ya bara, hapana aliyelidhania kuwa kinga. Maana ya neno, basi, haikukaa katika neno. Ilitegemea ukoo, mavazi na mahali alipoishi mwenye jina. Mwanaisimu atakayetafuta fasili ya jina hili katika kamusi tu atarudi mikono mitupu.

Siti alikuwa kijana sheria ya mwaka 1897 ilipofuta hadhi ya utumwa Unguja, na masuria hawakuingizwa katika sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Sheria ilimwondoa bwana katika hati, lakini mashamba ya mikarafuu haikuyagusa, wala haikusema watu hawa walioachwa huru waitwe nani. Wengi walijiita Waswahili. Jina hili nalo halikukaa. Muda si mrefu masikioni mwa wengine likawa na maana ya mtu wa asili ya utumwa, na walioweza wakalihama. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1931 waliojitaja kuwa Waswahili walikuwa wachache mno wakilinganishwa na wale wa mwaka 1924, huku Wahadimu na Washirazi wakiongezeka. Hapana tauni iliyowaua Waswahili katika miaka saba. Watu walikuwa wale wale. Walichobadili ni jina, kwa kuwa serikali ya kikoloni iligawa nafasi na heshima kwa kufuata kabila na rangi. Wasomi wa Kiswahili, ambao hutumia kutwa kucha jina lililokimbiwa kwa namna hiyo, hawana budi kulitia maanani jambo hili wanapouliza Mswahili ni nani.

Katika mazingira hayo ndipo Mtumwa alipoingia mjini mwaka 1911, akiwa muuza vyungu. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kejeli unaojulikana hadi leo. Wimbo huo unamkumbusha kaniki aliyoivaa alipokuja, vazi la watumwa na mafukara, na kuuliza tangu lini amekuwa mtu. Dharau yote imo katika neno hilo moja, mtu. Mtungaji hakusema kuwa Siti ni mtu duni. Alitia shaka kama ni mtu. Siti naye alijibu kwa wimbo. Hakudai nasaba asiyokuwa nayo, ingawa wengi wa wakati wake walifanya hivyo na njia ilikuwa wazi. Alikiri kuwa uzuri na ukoo mtukufu anavyo mwingine, kisha akavitupa nje ya hoja: hasara ya mtu ni kukosa akili. Katika majibizano ya aina hii ya Kiswahili ni nadra mshindani kukataa mizani yenyewe badala ya kujipima upya juu yake.

Shaaban Robert alionana na Siti muda mfupi kabla ya kifo chake. Naye mwenyewe alilijua suala hili kwa karibu: wazee wake walikuwa Wayao, naye akachagua kuwa Mswahili, tena bila haya. Ajabu ni kwamba katika Wasifu anaipita habari ya jina kwa hatua nyepesi. Unyonge wa kuzaliwa anaueleza kama kilima, juhudi na adabu kama miguu ya kukipanda. Msomaji anamshangilia mpandaji, na hapati nafasi ya kuuliza kilima kile kilijengwa na nani. Tena jina la heshima, kwa mujibu wa masimulizi yaliyozoeleka, Siti hakujipa. Alipewa na bwana wa Kiarabu. Yaani heshima ilitoka mlango ule ule ulikotoka utumwa. Hapa palitaka kalamu ikae kitako, lakini maadili yaliiharakisha. Si haki kumlaumu mwandishi kwa kutokuandika kitabu kingine, ila ni haki kusema kuwa Siti wa wimbo wa majibu ni mkali kuliko Siti wa Wasifu.

Riwaya ya Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotoka mwaka 1978, inaelekea upande wa pili kabisa. Majina ya wahusika wake wawili yanatosha kuubeba mgogoro wote. Kijakazi ni mtumwa wa kike aliyedunishwa kwa kiambishi ki-. Naye yu hai zaidi ya nusu karne baada ya sheria ya 1897, akitumika katika kasri na kumlea Fuad tangu uchanga, akapata malipo ya matusi na vipigo. Mwinyi ni mwenye, neno la Kibantu, na zamani lilikuwa cheo cha wenyeji: Mwinyi Mkuu, mtawala wa Wahadimu, wa mwisho alifariki mwaka 1873. Katika riwaya cheo hicho kinavaliwa na kabaila wa Kiarabu. Mhakiki anayesoma kitabu hiki kama ugomvi wa Mwarabu na Mwafrika pekee hana budi kulieleza jambo hilo. Kinachomfanya Fuad kuwa mwinyi ni milki. Rangi na nasaba ni hati za kuilinda milki hiyo, na dawa ya kumlaza Kijakazi aamini kuwa Mungu ndiye aliyepanga hivi.

Imani hiyo ya Kijakazi ndiyo sehemu bora ya riwaya. Mapinduzi ya mwaka 1964 yanapofika hayamfurahishi mara moja. Anamsikitikia bwana wake. Wasomaji wenye haraka humwona mjinga. Lakini mtu aliyefundishwa maisha mazima kuwa yeye ni wa fulani, akimpoteza fulani amepoteza jibu pekee la swali la yeye ni nani. Adam Shafi amelishika jambo hili kwa ujasiri, kisha, kwa masikitiko, analiachia mapema mno. Kurasa za mwisho zinatawaliwa na msimamo wa kitabaka kiasi kwamba suala la nafsi linaonekana limemalizwa na ugawaji wa ardhi. Msimulizi anatupa habari za mashamba na kazi mpya, na bado anamwita bibi huyu Kijakazi. Huenda ni usahaulifu, huenda ni kejeli ya makusudi. Matini haitoi dalili ya kutosha kukata shauri.

Tafsiri ya Kifaransa ya riwaya hiyo, Les girofliers de Zanzibar, ilitoka mwaka 1986. Katika anwani yake kasri haipo wala Mwinyi hayupo. Imebaki mikarafuu tu. Msomaji wa Kifaransa anaingia kitabuni kupitia mali, na mwenye mali atakutana naye ndani, ambako Kijakazi, kwa jina lile lile, anamsubiri.